Wahitimu wa Kitanda Namba 417

Kwanza niseme ukweli: nchi yetu ni nchi nzuri sana. Sisemi hivi kwa sababu kuna mtu amesimama nyuma yangu. Huyo aliyesimama nyuma yangu ameletwa na serikali kunichongea penseli, na namshukuru.

Uzuri wake ni kwamba serikali yetu humpenda mwananchi hata kabla hajafumbua macho. Nasikia katika nchi nyingine mtoto akizaliwa huachiwa mama yake, kana kwamba mama anajua chochote. Kwetu mtoto hapiti lango la Hospitali Kuu ya Uzazi mpaka awe na Kitanda cha Taifa. Mimi naitwa Faki, na kwa miaka kumi na miwili nilikuwa Karani wa Kadi za vitanda hivyo, meza yangu mlangoni mwa ghala.

Kitanda cha Taifa ni kitanda kidogo cha kuwekwa ubavuni mwa kitanda cha mama, ili mama anyooshe mkono tu amguse mwanawe. Wazo lenyewe ni zuri na lilikuwepo kabla ya serikali, ndiyo maana serikali ikaliboresha. Godoro likajazwa sufi tele kutoka mashamba ya Mama wa Taifa, laini mpaka ukiweka kitu kinazama. Pande zote ikawekwa mito sita iliyotariziwa maneno ya Kiongozi. Juu likatundikwa pazia zito la mahameli lenye picha yake, ili mtoto asipate upepo wa fitina. Miguu ikafanywa ya mviringo, ya kubembea. Na kati ya kitanda hicho na kitanda cha mama likaachwa pengo la vidole vinne, linaloitwa Pengo la Utaifa, ili mtoto ajue tangu siku ya kwanza kwamba yeye si wa wazazi wake tu.

Kila kitanda kilikuwa na kadi yake. Mtoto akiingia naandika jina na tarehe. Akitoka naandika tarehe na neno moja: Amehitimu. Neno hilo lilichaguliwa na kamati iliyokaa hotelini wiki tatu. Mtoto aliyefikisha miezi mitano, akaanza kujigeuza na kitanda kikambana, huyo amehitimu. Na mtoto aliyeingia Jumatatu, Ijumaa baba yake akarudi peke yake na kitanda begani, macho mekundu, asiweze hata kutia saini, naye ameandikwa amehitimu. Serikali yetu haibagui.

Kitanda Namba 417 kilikuwa fahari ya idara. Kilikwishapokea watoto kumi na mmoja, na wanane kati yao walihitimu kabla ya arobaini. Mkurugenzi alikifunga utepe wa dhahabu, akasema ni dhahiri watoto wa siku hizi wana vipaji.

* * *

Sasa nieleze habari ya ghala, maana nimeulizwa.

Saa nne asubuhi, jua kali, jani halitikisiki, vitanda vilikuwa vikianza kubembea. Si vyote kwa mpigo. Kilianza kimoja huko nyuma, taratibu, kama kuna mkono unabembeleza, kisha cha pili, kisha cha tatu, mpaka ghala zima linapumua. Nikiinuka kutazama, vinatulia. Nikikaa, vinaanza tena.

Niliwaandikia wakubwa. Jibu likaja: ni panya. Nikaandika tena kueleza kwamba panya hawanuki maziwa na poda ya mtoto. Nikajibiwa kwamba suala la maziwa lipelekwe Wizara ya Mifugo.

Kulikuwa pia na wanawake. Njia ya sokoni ilipita ubavuni mwa ghala, na wale ambao watoto wao walihitimu mapema walikuwa wakipita hapo na vikapu vyao kama watu wengine. Wakifika usawa wa ghala hatua zinapungua, na kanga zao zinaanza kulowa kifuani. Wengine ilikuwa imepita miezi. Walijifunika wakaenda zao, na idara ikatoa waraka wa kuwakataza kulowesha njia ya umma.

Mimi niliogopa, na niseme tu kwamba niliogopa kila siku. Lakini woga haukuwa na fomu, kwa hiyo nikaendelea kuandika kadi.

* * *

Siwema alikuja mezani kwangu siku ya pili baada ya kujifungua, mtoto kifuani, hatua za mtu mwenye mshono. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro, na hilo peke yake lingetosha kunitahadharisha. Mwanawe aliitwa Zaharani.

Nilimsomea Sheria ya Uhuru wa Kuchagua. Kila mama ana haki ya kuchagua kitanda kimoja kati ya vitatu, asishurutishwe na mtu. Vitatu hivyo hutoka karakana moja na huwa sawa kwa kila kitu isipokuwa rangi. Siku hiyo vilikuwa cha buluu, cha kijani na Namba 417, kilichokuwa cheupe.

Siwema hakutazama rangi. Aliweka kiganja juu ya godoro la 417 akabonyeza. Mkono ukazama mpaka kwenye kifundo, na alipoutoa, shimo likabaki vilevile, umbo la kiganja.

"Kaka," akaniambia, "hii sufi haijashindiliwa. Mtoto akigeuza uso humu, atatokea wapi?"

"Ni laini, dada. Serikali imetaka wastarehe."

"Mtoto mchanga hataki starehe, anataka hewa. Godoro lake liwe gumu, likae sawasawa, shuka ivutwe mpaka isikunjike. Hii mito ya nini?"

"Ina maneno ya Kiongozi."

"Hajui kusoma." Akaingiza vidole vinne katika lile pengo, vikapita bila kugusa upande wowote. "Na hapa? Akibiringika hapa kichwa kinatangulia au miguu?"

Nikamwambia hilo ni pengo la kiserikali. Akaomba kadi. Sheria haikukataza, kwa kuwa hakuna mama aliyewahi kuiomba. Akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Kaingia tarehe tatu, kahitimu tarehe kumi na moja. Kaingia tarehe ishirini, kahitimu tarehe ishirini na sita." Akaninyanyulia macho. "Kaka, hawa wamehitimu nini?"

Nyuma yangu 417 kikabembea mara moja, kikaacha. Yeye alikiona. Mimi nilijifanya natafuta mhuri.

"Sichagui," akasema, akarudi wodini.

* * *

Sheria imempa nafasi hata anayekataa uhuru. Mama asipochagua kwa siku saba, serikali humchagulia, na hatua hiyo huitwa Kuchaguliwa kwa Hiari. Mtoto hulazwa katika kitanda kilichopangwa, mama hushikwa mikono na wauguzi wawili mpaka azoee.

Siwema alizaa Jumamosi. Kwa hiyo ilikuwa mpaka Ijumaa.

Hakukaa bure. Siku ya tatu aliandika maombi rasmi. Alieleza kwamba kaka yake, seremala, amekwishatengeneza kitanda nyumbani: kimo sawa na kitanda cha mama, kimefungwa kwa mikanda miwili mpaka kisibaki hata upenyo wa kidole, pande tatu zimewambwa wavu unaopitisha hewa, godoro la sponji ngumu alilolishona mwenyewe kwa kipimo, ndani hamna mto, hamna mwanasesere, hamna kitu ila mtoto, chali. Aliomba kitanda hicho kikaguliwe.

Serikali yetu sikivu ikakikagua. Kililetwa hospitalini, na Mkurugenzi wa Malazi, Usingizi na Utulivu wa Wachanga, Mheshimiwa Profesa Ngwali, akaja mwenyewe na msafara wa magari manne. Pamoja naye akaletwa Mtoto wa Majaribio.

Mtoto wa Majaribio ni gunia la mchele la kilo tatu lililovishwa kofia. Ndiye aliyethibitisha usalama wa kila Kitanda cha Taifa. Kwa miaka kumi na miwili amelazwa chali, kifudifudi na ubavu, amefunikwa mito, ametumbukizwa katika Pengo la Utaifa, na hata siku moja hajapata tatizo lolote la kupumua.

Wakamlaza katika kitanda cha Siwema. Wakamtazama dakika kumi, wataalamu wakiandika. Kisha Profesa Ngwali akakohoa.

"Ndugu wananchi, ikumbukwe kwamba sisi si wapinzani wa ubunifu. Lakini sayansi haina huruma. Mtoto wa Majaribio hakuzama. Hakukumbatiwa. Hakuonyesha dalili yoyote ya starehe. Kitanda hiki ni kikavu kimaadili, na sioni picha ya Kiongozi mahali popote."

"Mheshimiwa," Siwema akasema, "hilo gunia."

"Mama, naomba tusitumie lugha ya kudhalilisha watoto."

Kitanda kikaandikwa hakifai. Kaka yake Siwema akaambiwa akirudishe nyumbani, na msafara ukaondoka kwa ving'ora.

Kuanzia hapo Siwema hakulala kabisa. Alikaa kitandani wima, mgongo ukutani, Zaharani kifuani, kwa sababu aliogopa usingizi ukimchukua mtoto atateleza kwenye mikunjo ya shuka, na aliogopa wauguzi wakimwona amelala watamchukua. Siku ya nne alikuwa akiongea na ukuta. Siku ya tano, Jumatano, nilimkuta kichwa kimeinama, mkono umelegea, na mtoto ameanza kuteremka kuelekea kwapani. Nikamshika bega. Akashtuka, akampandisha, akaanza kulia bila sauti.

"Kaka Faki, nimechoka. Wakimtia mle ndani, na mimi nimechoka hivi, sitamsikia. Wewe una mtoto?"

* * *

Swali hilo halikuwemo katika fomu yoyote.

Ninaye. Kwenye kadi ya 417, mstari wa tisa, pameandikwa Ramla binti Faki, kaingia tarehe kumi na mbili, kahitimu tarehe thelathini na moja. Siku kumi na tisa. Mwandiko ni wangu. Nilichagua 417 mimi mwenyewe kwa sababu kilikuwa na utepe, na karani anayekataa utepe wa dhahabu anajitafutia nini? Mke wangu Mwanakheri aliuliza habari ya lile pengo. Nilimjibu kama nilivyomjibu Siwema, kwa sauti ileile. Asubuhi moja alinyoosha mkono amguse mtoto, akagusa sufi.

Nilikirudisha kitanda begani mwangu. Nikakaa kwenye meza yangu nikajipokea mwenyewe, nikajiandikia, nikagonga mhuri, na ilipofika saa nne nikasikia kitanda kile kinaanza kubembea nyuma yangu. Miezi kumi nilikisikia. Nilikuwa najua ni yupi. Sikuwahi kugeuka.

Mwanakheri hakulia na hakunilaumu. Aliacha tu kunyoosha mkono upande ule wa kitanda. Hakupitia njia ya ghala hata siku moja. Alizunguka mjini kutwa nzima kuikwepa.

Yote hayo sikumwambia Siwema. Nilimwambia hivi: "Dada, weka saini. Chagua 417."

Akanitazama kama mtu aliyenitemea mate moyoni.

"Weka saini. Kisha nipe dakika moja."

Akaweka. Nikachukua kadi, mstari wa kumi na mbili, nikaandika: Zaharani, kaingia Jumatano. Na palepale, wino haujakauka, upande wa pili: kahitimu Jumatano. Nikagonga mhuri kwenye kadi na kwenye karatasi ya kutokea langoni. Sheria inasema mtoto aliyehitimu hahitaji tena kitanda cha serikali, na haisemi awe yuko wapi. Miaka kumi na miwili sheria hiyo ilikuwa mbele yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba ingeweza kumtoa mtoto mzima.

Mlinzi wa lango akaangalia karatasi, akamwangalia mtoto, akarudi kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa na mhuri, mtoto hakuwa nao. Akafungua lango.

Nasikia Siwema alifika nyumbani, akamlaza Zaharani chali kwenye sponji ngumu, akakaza ile mikanda, akalala siku nzima na mkono wake juu ya tumbo la mtoto, na kila mara tumbo lilipanda na kushuka.

* * *

Tatizo la nchi nzuri ni kwamba haiachi juhudi za mtu zipotee bila zawadi. Taarifa ya mwaka ilipofika mezani kwa Profesa Ngwali, aliruka kitini. Mtoto aliyehitimu siku ileile aliyoingia! Hajawahi kutokea. Ikaamriwa yafanyike Mahafali ya Kwanza ya Wahitimu wa Kabla ya Arobaini, kina mama wote wafike wapokee vyeti, na asiyefika nyumba yake itembelewe. Mwaliko ulisema kila mama aje peke yake. Mwandishi wa mwaliko hakuona haja ya kueleza kwa nini.

Nilimtumia Siwema salamu amwache mtoto kwa kaka yake. Akajibu kwamba mtoto ananyonya, hana wa kumwachia ziwa.

Walikuja wanawake thelathini na mmoja. Waliketi kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, kila mmoja mikono mapajani. Mwanakheri alikuwa safu ya pili, kiti cha pembeni. Namba 417 kilikuwa jukwaani, kimeongezewa maua, na mimi kando yake na sanduku langu la kadi. Siwema aliingia mwisho akakaa nyuma, kajitanda mtandio mzito.

Profesa Ngwali alihutubu saa nzima. Alisema mtoto wa nchi yetu hahitimu, anahitimishwa. Alisema mataifa makubwa yanatuonea wivu. Kisha akafikia kilele.

"Na sasa, mhitimu bora wa mwaka, fahari yetu, Zaharani!"

Ukumbi ukapiga makofi kama ulivyoelekezwa. Makofi yakamwamsha mtoto, akalia.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Ilikuwa ndogo, ya kawaida, ya mtoto mwenye njaa. Lakini hakuna aliyeendelea kupiga makofi. Wanawake thelathini hawakugeuka. Walikaa wima vilevile wakitazama mbele, na mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu, kanga zao zikaanza kulowa kifuani.

"Sauti gani hiyo?" akauliza Mkurugenzi.

Siwema akasimama. "Ni mhitimu, Mheshimiwa. Umemwita."

Mtu mwenye akili angefunga mkutano. Lakini Profesa Ngwali alikuwa na elimu. Uso wake ukang'aa, akashuka jukwaani, akamtwaa Zaharani mikononi, akampandisha juu watu wamwone.

"Mnaona!" akapaza sauti. "Wenye midomo wanasema, wenye fitina wanauliza. Haya, huyu hapa! Mhitimu wa 417! Mzima, mnene, analia! Hivi ndivyo serikali inavyowarudisha!"

Mwanakheri akainuka. Mke wangu hajawahi kusema mbele za watu. Hata harusini kwetu shangazi ndiye aliyemjibia.

"Mheshimiwa," akasema, "wangu naye kahitimu 417. Nimeitwa nichukue cheti chake. Naomba nipewe wangu."

"Mama, kaa kwanza, utaratibu..."

"Nimekaa miezi kumi. Nipeni wangu."

"Na wangu," akasema mwanamke wa safu ya nyuma, akisimama. "Wa kiume. Ana alama sikioni."

"Na wangu mimi. Pacha. Wote wawili."

Wakainuka wote, na hawakupiga kelele. Walinyoosha mikono mbele, viganja juu, kama mtu anayengoja kupokezwa. Profesa Ngwali akarudi nyuma hatua, na Siwema akamchukua mwanawe haraka. Mheshimiwa akakimbilia jukwaani kutafuta wa kumsaidia, macho yakaniangukia mimi na sanduku langu la kadi.

"Karani! Waeleze! Wewe ndiye mwenye kumbukumbu. Waambie watoto wao wako wapi!"

Akanisukumizia kipaza sauti. Nikatafuta maneno yaliyopitishwa na kamati. Nilikuwa nayo yote, nimeyaandika maelfu ya mara. Mwanakheri alikuwa ananitazama, mikono yake imenyooshwa upande wangu, na nikaona kwamba yeye hakuwa anamuuliza Mkurugenzi. Tangu mwanzo alikuwa ananiuliza mimi.

"Wamekufa," nikasema. "Wamekosa hewa. Wamezama kwenye sufi, wamebanwa pengoni, wamefunikwa na mito. Nilijua. Ramla wetu amekufa, Mwanakheri, na kitanda nilikichagua mimi."

Mikono yake ikashuka. Akaangua kilio, kile alichokuwa amekibeba miezi kumi, na wenzake wakampokea.

"Anza na wa mstari wa kwanza," akasema yule mama wa pacha, huku analia. "Wataje. Wataje wote."

Mtu akazima kipaza sauti. Walinzi walikuwa wanapanda jukwaani kunifuata na mmoja akaninyang'anya sanduku la kadi. Haikuwafaa kitu. Ukumbi ulikuwa unanisikiliza, na majina yote ninayo kichwani. Nikaanza na mtoto wa kwanza.